TREKTA KUUKUU: MALI AU MZIGO?



Kila mwaka wako askari wa Uganda wanaofikia wakati wa kuvua sare na kurudi makwao. Miongoni mwao wamo wana wa West Nile, mkoa ambao tangu siku za King's African Rifles umekuwa ukitoa askari wengi. Anayerudi Arua, Koboko, Maracha, Terego au Yumbe hurudi na vitu viwili vikubwa: nidhamu aliyojifunza kazini, na kiinua mgongo ambacho hulipwa mara moja tu katika maisha. Nidhamu hiyo hakuna awezaye kumwibia, lakini kiinua mgongo kinaweza kupotea katika muda wa msimu mmoja.

Ushauri humjia mstaafu kutoka kila upande. Wengine humwambia ajenge nyumba za kupangisha, wengine wamhimiza anunue pikipiki za kubebea abiria. Siku hizi wako pia wanaomwelekeza kwenye ua wa gereji fulani mjini Arua, ambako trekta kuukuu limesimama, limepakwa rangi nyekundu upya, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya trekta jipya. Yeye ana ardhi ya ukoo, majirani zake wanalima kwa jembe la mkono, na mvua iko karibu. Je, anunue? Swali hili si dogo, kwa maana ndani yake mna karo za watoto, matibabu ya wazee, na heshima ya mtu aliyelitumikia taifa kwa miaka mingi.

Kwanza ni haki kutaja wema wa mashine hizi za zamani. Trekta linaloonekana sana katika habari za namna hii ni Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Ukoo wake unatokana na trekta dogo la Ferguson, ambalo kati ya mwaka 1946 na 1956 lilitengenezwa kwa idadi iliyozidi 500,000. Ni Harry Ferguson, fundi wa Ireland, aliyefanikiwa kuliunganisha jembe na trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki, hata trekta jepesi likaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji chuma kizito. Mpango huo umeenea duniani pote, na hata matrekta ya leo yanaufuata.

Massey Ferguson 135 lina injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu, na nguvu zake ni kama za farasi 45. Halina kompyuta wala nyaya nyingi. Fundi aliyezoea injini za dizeli anaweza kulifungua chini ya mwembe kwa spana za kawaida, akaona ubovu kwa macho yake na kuusikia kwa masikio yake. Ingawa kiwanda cha Coventry kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, matrekta ya ukoo huo yameendelea kutengenezwa kwa ruhusa katika nchi za India na Pakistan, na ndiyo sababu spea zake nyingi bado hupatikana madukani. Jambo hili ni la maana sana, kwa kuwa mashine isiyo na spea ni sawa na bunduki isiyo na risasi. Tena uzito wake mdogo haushindilii ardhi sana, na likitunzwa vizuri halipotezi thamani haraka kama trekta jipya linavyoipoteza katika miaka yake ya mwanzo. Baada ya kulima laweza kuvuta tela la mihogo, kuzungusha mashine ya kupukuchua mahindi, au kuendesha pampu ya maji.

Hayo ndiyo mazuri yake. Lakini mwenye busara husikiliza pande zote mbili za kesi kabla ya kutoa hukumu.

Historia ya Afrika Mashariki ina funzo ambalo askari hasa wataliona kuwa linawahusu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza iliazimia kulima karanga katika Tanganyika kwa zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa haba, wakuu wa mpango huo walinunua matrekta na mabuldoza yaliyotumika, mabaki ya vita, mengine kutoka Ufilipino ambako jeshi la Marekani lilikuwa limeyaacha. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Kwa macho ya mnunuzi, mali ilikuwa tele na bei nafuu. Lakini nyingi za mashine hizo zilifika zikiwa zimechoka, spea zake hazikulingana, na karakana haikuwa tayari. Kabla ya mwaka huo wa 1947 kwisha, sehemu kubwa ya mashine ilikuwa imesimama. Ardhi ya Kongwa nayo, iliyokauka ikawa ngumu kama saruji, ilizidi kuyala majembe. Mwezi Januari 1951 mpango huo uliachwa, na hasara iliyotangazwa ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36. Hazina ya dola iliweza kustahimili pigo hilo. Kiinua mgongo cha koplo hakiwezi.

Uganda nayo ina habari yake. Katika miaka ya 1960, baada ya uhuru, serikali ilianzisha mashamba ya vikundi na kuendesha huduma ya kukodisha matrekta kwa wakulima. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo matrekta mengi yalifanya kazi kwa saa chache kuliko zilizotazamiwa. Yalitembea mbali kati ya shamba na shamba, yaligonga visiki ambavyo havikung'olewa, na malipo ya wakulima hayakutosha kulipia gharama. Kisha ukaja mwaka 1972, wafanyabiashara wengi wa Kiasia walipofukuzwa na biashara ya spea ikavurugika, na baadaye vita vya mwaka 1979 na misukosuko iliyofuata, ambapo wananchi wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Sababu zilikuwa nyingi, lakini fundisho moja linabaki: trekta halishindwi na ubovu wa chuma peke yake, hushindwa pia na ukosefu wa kazi ya kutosha, wa fundi na wa mipango.

Yafaa basi kuangalia hali ya West Nile yenyewe. Mvua za huko huanza mnamo mwezi Machi au Aprili, hupungua katikati ya mwaka, kisha hurudi na kuendelea hadi Novemba. Maana yake ni kwamba trekta lina vipindi viwili tu vya kulima kwa haraka. Ardhi ya nyanda za juu za Arua, Maracha na Koboko ina watu wengi na mashamba madogo madogo, yaliyogawanywa kwa urithi. Mahali pengi pana mawe, na mtu aliyeuona mlima Wati au mlima Liru hahitaji kuelezwa zaidi. Ukishuka kuelekea mashariki, upande wa mto Nile, ardhi ni pana zaidi, lakini visiki na mizizi ya miti ya mwituni ni mingi. Trekta la nguvu za farasi 45 hufanya vizuri katika ardhi nyepesi iliyokwisha kulimwa na kusafishwa. Likipelekwa kuvunja pori jipya, huvunjika lenyewe.

Sasa na ifanywe hesabu, kwa maana askari hapangi safari bila kujua mafuta na chakula alivyo navyo. Bei zinazofuata ni za mfano tu. Kila mtu aweke bei za siku yake na za mahali pake. Ichukuliwe kwamba kila kipindi cha kulima kina siku 36 za kazi, na kwamba trekta hulima ekari 4 kwa siku. Kwa vipindi viwili jumla ni ekari 288. Lakini mvua hunyesha, njia huharibika, na wateja hukawia kulipa. Basi ihesabiwe nusu yake, ekari 144. Kama malipo ya ekari moja ni shilingi 120,000, mapato ni shilingi 17,280,000. Hapo ndipo wengi hufunga daftari na kuchukua fedha benki.

Wasilifunge. Kama ekari moja yahitaji saa 2, na trekta lanywa lita 6 kwa saa, ni lita 12 kwa ekari. Kwa bei ya shilingi 5,000 kwa lita, dizeli peke yake ni shilingi 60,000. Dereva akilipwa shilingi 10,000 kwa ekari, kinachobaki ni shilingi 50,000, au shilingi 7,200,000 kwa mwaka mzima. Katika baki hiyo wapaswa kutoka mafuta ya injini, filita, sahani za jembe, tairi, betri na mkono wa fundi. Na trekta likisimama siku 10 katikati ya msimu kwa ajili ya pampu ya dizeli, ekari 40 zimepotea, nazo ni shilingi 2,000,000 za baki, kabla ya kulipia pampu yenyewe. Hasara ya mkulima aliyechelewa kupanda ufuta wake haimo katika hesabu hii, wala hasira zake.

Kutokana na hayo yaonekana kwamba bei ya kununulia ni mlango tu wa gharama. Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Usemi huo ni wa kweli kwa jembe la mpini. Kwa jembe la injini, asiyechagua ndiye asiyekuwa mkulima.

Kuchagua kwenyewe kuna taratibu. Mnunuzi asiende peke yake, wala asiende na fundi aliyeletwa na muuzaji. Afike asubuhi, aguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa tayari ina moto, yampasa aulize kwa nini, kwa sababu injini iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa baridi, na muuzaji mjanja huipasha mapema. Ikisha kuwaka, autazame moshi. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili kwamba injini inakula mafuta yake ya kulainishia; moshi mweusi mwingi waweza kuonyesha nozeli mbovu au hewa isiyopita vizuri; na moshi mweupe usioisha injini ikipata moto waweza kuwa wa maji au wa dizeli isiyoungua. Achomoe kijiti cha kupimia mafuta: mafuta yakiwa kama maziwa, maji yameingia ndani. Aondoe kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa, atazame kama mna utando wa mafuta.

Kisha jembe lifungwe nyuma, liinuliwe, na injini izimwe. Likianza kushuka upesi lenyewe, haidroliki imechakaa. Ajaribu klachi, gia zote, breki za magurudumu yote mawili ya nyuma, na usukani. Atazame tairi, kwa kuwa tairi mbili kubwa za nyuma ni fedha nyingi, na mpira wenye nyufa za uzee hauna maisha hata kama meno yake bado ni marefu. Asidanganywe na rangi mpya. Rangi huficha kutu na nyufa zilizochomelewa. Zaidi ya yote, alijaribu trekta shambani kwa nusu siku, likiwa na jembe ardhini. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu swali.

Jambo la pili ni hati. Arua iko karibu na mpaka wa Congo kwa njia ya Vurra, na Koboko iko karibu na Sudan Kusini kwa njia ya Oraba na Kaya. Biashara ya mipakani ni uhai wa miji hiyo, lakini mipaka hupitisha vyema na vibaya. Mashine yaweza kuuzwa bila kitabu cha usajili, kwa maelezo kwamba hati zimepotea vitani, au kwamba mwenye mali yu ng'ambo. Askari wa polisi wanaifahamu hadithi hiyo. Namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na hati; mauzo yaandikwe mbele ya mashahidi; na trekta lililotoka nje lithibitishwe kuwa limelipiwa ushuru. Mstaafu aliyekuwa mlinzi wa sheria asije akakutwa na mali ya wizi kwa sababu ya tamaa ya bei rahisi.

Jambo la tatu ni usalama, nalo halisemwi mara nyingi kwenye ua wa gereji. Uingereza iliweka sharti kwamba kuanzia mwaka 1970 matrekta mapya yanayouzwa huko yawe na kibanda cha kumkinga dereva trekta linapopinduka. Matrekta mengi ya kale, na mengi yaliyopelekwa nchi za nje, hayana kinga hiyo. Kwenye miteremko ya West Nile, trekta jembamba linaloinuka mbele au kuteleza kando laweza kumlalia dereva na kumuua papo hapo. Kinga ya vyuma yaweza kufungwa na fundi hodari, na gharama yake iingizwe katika bei. Mhimili wa nyuma unaozungusha mashine ufunikwe, kwa maana hushika kanzu au gomesi na kumvuta mtu kabla hajapiga kelele. Watoto wasipandishwe juu ya walinda matope. Na barabara ya lami kutoka Vurra kupita Arua na Koboko hadi Oraba, iliyowaletea wananchi neema kubwa, isigeuzwe kaburi na tela lisilo na taa wakati wa usiku.

Iko pia hoja ya njia nyingine. Mwenye ekari tatu tu na majirani wenye vipande vidogo huenda akafaidika zaidi na maksai wawili na jembe lao, kama wakulima wa Teso walivyozoea tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wastaafu watano wanaoaminiana wanaweza kuungana, wakaandika masharti, na kununua trekta moja bora kuliko kila mmoja kununua bovu lake. Jeshi lina chama chake cha akiba na mikopo, Wazalendo, na polisi wana Exodus. Askari aliye bado kazini anayeweka akiba mapema atakuwa na nafasi ya kuchagua bila kubanwa na haraka. Au mtu aweza kuanza kwa kukodi trekta la mwingine msimu mmoja, akajua ekari za kulima kijijini mwake ni ngapi na ni nani hasa analipa.

Hukumu basi ni ipi? Trekta kuukuu linafaa kununuliwa iwapo masharti manne yametimia. La kwanza, pawe na ardhi ya kutosha, iliyo karibu na iliyosafishwa. La pili, pawe na fundi anayejulikana na spea zinazopatikana Arua bila kungoja basi la Kampala kila mara. La tatu, hati ziwe safi. La nne, baada ya kulipa bei, ibaki akiba ya kufanyia matengenezo, isiyopungua theluthi moja ya fedha zilizotengwa kwa kazi hiyo, na fedha za karo na matibabu zisiguswe kabisa. Likikosekana hata sharti moja, afadhali kungoja.

Kwa yule atakayenunua, askari ana silaha ambayo raia wengi hawana. Alifundishwa kukagua gari kabla ya safari, kuandika kila safari katika karatasi yake, kusafisha bunduki hata siku ambayo haikufyatuliwa. Mazoea hayo yakihamishiwa kwenye trekta, yaani mafuta kupimwa kila asubuhi, filita ya hewa kusafishwa kila siku ya vumbi, grisi kutiwa kwenye kila kiungo, saa za kazi na lita za dizeli kuandikwa daftarini, trekta lililotengenezwa kabla ya mwenyewe kuzaliwa laweza kuwalisha wajukuu wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa trekta huanzia kwenye tone moja la mafuta linalodondoka chini, ambalo mtu aliona akapita.

Taifa linahitaji chakula, na West Nile, inayowalisha wenyeji wake pamoja na wakimbizi wengi wa Sudan Kusini waliopokewa katika Rhino Camp, Imvepi, Lobule na Bidi Bidi, inahitaji mashamba makubwa kuliko yale yanayoweza kulimwa kwa mkono. Wastaafu wa majeshi wana nafasi ya heshima katika kazi hiyo. Lakini huko nako, kama ilivyo medani, ushujaa bila upelelezi ni kujipeleka kwenye hasara. Na apeleleze kwanza, ahesabu pili, na fedha zake azitoe mwisho.